Baba, Mama Alirithi Dawa Zako

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitika, lakini nikianza barua bila kukuamkia utasema binti yako Skola amekosa adabu tangu uondoke, na mimi leo sitaki ugomvi na mtu yeyote, awe hai au awe kaburini. Leo nina furaha, Baba. Nina furaha mpaka kalamu inaniruka, ndiyo maana mwandiko unauona hivi.

Mama amefanyiwa operesheni! Lile rovu la shingoni limetoka! Jana asubuhi walimwingiza, mchana wakamtoa, na leo amefumbua macho vizuri kabisa, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, halafu akaniuliza kwa sauti ya kukwaruza kwa nini nimekuja hospitali na ndala. Ndala, Baba! Mtu ametoka kukatwa shingo, cha kwanza anaona ndala. Wodi nzima ikacheka. Mimi nikatoka nje nikalia, nikajifuta na kanga, nikacheka, nikalia tena. Sasa nimekaa kwenye benchi nasubiri saa ya kuona wagonjwa, upepo unanipiga kama una kisa na mimi, na nakuandikia kwenye karatasi ninayokatia vipimo vya magauni kule kibandani kwangu Majengo. Utanisamehe mistari ya chaki.

Ngoja nianze mwanzo, maana uliondoka rovu likiwa bado dogo. Wakati ule Mama alikuwa analificha kwa kitenge na wageni hawajui. Baada ya wewe kuondoka likashika kasi. Likawa linambana koo. Ugali wa ulezi ambao alikuwa anaula huku anatuhadithia umbea wa mtaa mzima, ukawa haupiti, anakunywa uji tu. Akilala chali anakoroma kama mtu anakabwa, kwa hiyo akawa analala ameketi, ameegemea gunia la mahindi. Nikampeleka hospitali, wakampiga picha, daktari wa upasuaji akasema linasukuma njia ya hewa. Akasema litolewe, tusikae mpaka limzibe pumzi.

Tukajiandaa. Mwanao Deus akapanda kutoka Mtowisa kule bondeni na mchele, amevaa koti juu ya koti, anatetemeka. Unamjua, akishazoea joto la bondeni, huku juu kwetu anapaona barafuni. Tukamwogesha Mama, tukamvalisha sweta lake la kanisani, tukaenda.

Wakampima, daktari akatikisa kichwa. Presha ilikuwa chini mno. Mama akisimama anayumba, akiulizwa swali anasinzia katikati ya jibu. Daktari akatuita pembeni, mimi na Deus, akasema, "Huyu siwezi kumpasua akiwa hivi. Tukimlaza, huenda asiamke."

Baba, fikiria mwenyewe. Rovu likibaki linamkaba, likitolewa anakufa mezani. Nikamwangalia Mama kwenye kile kiti, mdomo wazi, amelala saa nne asubuhi, nikasema basi, huyu naye tunamzika.

Na nisikufiche, hali ile haikuanza siku hiyo. Tangu mvua zilizopita Mama alikuwa si Mama. Alianguka jikoni. Akaanguka tena njiani kutoka jumuiya. Ananiita mimi jina la shangazi. Anatia chumvi kwenye chai, anakunywa, wala hashtuki. Mwanzoni watu walisema ni uzee. Baadaye majirani pale nyumbani Izia wakaanza kunong'ona kwamba ni wewe, Baba. Eti mzee anamvuta mkewe, kamkumbuka huko aliko, anamtaka. Tena walikuwa wanayasema kwa huruma, wananishika bega.

Mimi na hasira zangu unazozijua, kuna siku nilifunga cherehani nikaja moja kwa moja kaburini kwako. Nilisimama pale nikakugombeza. Nikasema Baba, kama ni wewe, acha. Tumekuzika vizuri, misa tumekufanyia, kaburi tumelijengea, unataka nini tena? Mwache Mama wa watu. Kuna mzee alikuwa anachunga mbuzi upande wa pili, akanikwepa, akapita mbali na mbuzi wake.

Kumbe wamekusingizia! Jamani! Na mimi ninakuomba radhi kwa niaba ya mtaa mzima wa Izia. Ingawa, ukinisikiliza mpaka mwisho, utaona na wewe mkono wako ulikuwepo kidogo.

Daktari wa upasuaji alitupeleka kwa mwenzake, anaitwa Daktari Rehema, ndiye anayewalaza wagonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa. Mama mmoja mfupi, mcheshi, Kiswahili chake cha pwani hicho, kila neno limepakwa asali. Akamwamkia Mama, "Shikamoo bibi yangu," akampima, akamtazama macho, akauliza anakunywa dawa gani. Nikasema za presha. Akasema, "Na nyingine?" Nikasema labda za miguu. Akacheka. Akamwambia Deus, "Kaka, nenda nyumbani uniletee dawa zote. Zote. Hata za kuazima."

Deus akarudi na ndoo. Sitanii, Baba. Ile ndoo ndogo ya mafuta ya kula, imejaa, mpaka mfuniko haufungi.

Daktari Rehema akaimwaga mezani. Mimi mwenyewe nilishika mdomo. Za presha. Za viungo, zile kali. Za kiungulia. Za kukojoza. Za kizunguzungu. Vile vidonge vidogo vya mafua ambavyo Mama hana mafua lakini anavinywa kwa sababu vinaleta usingizi, na juu yake dawa za usingizi zenyewe. Ile ya kulainisha damu, ambayo kwa mtu wa kukatwa shingoni ni hatari tupu. Halafu bahasha za akina mama wa jumuiya. Unajua wanavyofanya: kila anayekuja kumjulia hali mgonjwa anaacha vidonge viwili vitatu vilivyomsaidia yeye, kwa moyo safi, anaviweka chini ya mto, anasali, anaondoka. Na Mama anaona kuvitupa ni kumtukana aliyeleta, basi anavimeza.

Daktari akavichambua kimoja kimoja, utafikiri anachagua maharage. Kila kimoja anauliza: hii nani alikupa, ilikuwa ya nini, hicho bado unaumwa? Nyingi Mama hakuweza kujibu. Ndipo akatuonyesha zilivyoshikana mikono. Dawa ya viungo ilimletea kiungulia, tukamnunulia ya kiungulia. Moja ya presha ilimvimbisha miguu, tukadhani maji, tukamletea ya kukojoza. Ile ya kukojoza ikamkausha, akapata kizunguzungu, Deus akatuma ya kizunguzungu kutoka bondeni. Ile nayo ikamlaza. Kila tatizo tulilokuwa tunalitibu tulilileta wenyewe kwa mkono wetu. Nilitamani kucheka na nilitamani kupiga mtu.

Chini kabisa ya lile rundo kulikuwa na kopo. Kopo lako la tumbaku, Baba, lile jekundu lililobonyea. Daktari akalifungua, ndani vidonge vya presha, si vya Mama. Akauliza, "Na hizi za nani?"

Mama alikuwa anasinzia. Baba, aliketi wima! Akanyoosha mkono akasema, "Hizo usiguse. Hizo nimerithi."

Mimi nikamtazama Deus, Deus akanitazama.

Nikakumbuka ile siku ya kumaliza matanga. Vitu vyako vilitandazwa kwenye mkeka ukumbini, wazee wakagawa. Koti la mvua akapewa Deus. Baiskeli ikaenda kwa baba mdogo. Jembe likaenda kwa mjukuu wako, mimi nikapata rozari. Mwisho likabaki lile kopo, hakuna anayelitaka, mzee mmoja akataka kulitupa. Mama akaliokota akalitia kifuani. Sisi tukadhani ni kumbukumbu, mtu kaweka kopo la mumewe, kuna ubaya gani? Nani angejua anakwenda kuzimeza?

Alizimeza, Baba. Juu ya zake. Na zilipokwisha akachukua kile kikaratasi kitupu cha vidonge, akaenda nacho duka la dawa, akasema nipe kama hizi, wakampa. Amekuwa akinywa presha ya watu wawili tangu umeondoka, ndiyo maana alikuwa anaanguka!

Deus alicheka, kicheko cha woga, akakatisha. Mama akamgeukia akamwambia, "Cheka. Wewe ulipata koti. Baba yako mdogo alipata baiskeli. Mimi mkewe nilipata dawa, na hizo nazo mnataka kuninyang'anya?"

Daktari Rehema hakucheka. Alivuta kiti akakaa mbele yake, goti kwa goti, akamwambia zile zilimfaa mzee, lakini yeye zinamwangusha, na zikiendelea hawezi kumlaza usingizi akamwamsha. Mama akasema bora asilazwe. Akasema rovu likae, yeye kopo haachi. Nikaanza kupandisha sauti, unanijua, daktari akaniwekea mkono gotini kuninyamazisha. Akamuuliza Mama taratibu kwamba akizinywa zile inakuwaje.

Ndipo Mama akasema. Kwamba kila jioni taarifa ya habari ikiisha wewe ulikuwa unazima redio, unamimina maji kwenye vikombe viwili, unampa chake, unasema, "Haya mama, tumeze tulale." Kwamba miaka yote ile, shughuli zote mlizofanya pamoja, shamba, watoto, ngoma za harusi za watu, ilibaki hiyo moja. Akasema saa ile ikifika anakunywa zake, halafu anakunywa zako, kwa sababu hawezi kukuacha hujanywa.

Deus akainuka akaenda kusimama dirishani.

Halafu daktari akasema, "Basi saa ileile, mimina vikombe viwili. Maji kunywa. Kidonge cha mzee tu ndicho nakiomba." Mama akafikiri. Akauliza kama kikombe chako kinaweza kubaki mezani. Daktari akasema kibaki, nani kakisema vibaya kikombe? Mama akalisogeza kopo upande wa daktari kwa kidole kimoja, akatazama pembeni.

Operesheni ikasogezwa mbele wiki kadhaa. Nikahamisha cherehani, nikaja kukaa Izia. Zako zilikoma siku hiyohiyo. Za viungo zikakoma, tukawa tunamkanda magoti kwa maji ya moto. Ile ya presha iliyomvimbisha miguu, ya kukojoza, ya kiungulia na ya kizunguzungu zikafuata, maana hazikuwa na kazi tena. Ile ya kulainisha damu ilisubiri mpaka daktari aliposema sasa. Za usingizi tulipunguza polepole, nusu, kisha nusu ya nusu, kwa sababu daktari alituonya zile ukizikata ghafla mwili unachachamaa. Na alitukemea mapema, tusije tukanogewa tukajifanya madaktari tukamwachisha zote: yake moja ya presha na nyingine moja aliyoitaja yeye zilibaki, na zinabaki. Kila baada ya siku chache tunarudi anapimwa.

Mwanzo ulikuwa mgumu, sikudanganyi. Mama hakulala, hakutaka kula, alinitukana kwa Kiswahili, akachoka nacho, akahamia Kifipa. Kuna siku nilijifungia chooni kulia.

Halafu asubuhi moja naamka, kitanda kitupu. Nikatoka mbio bila hata kanga kichwani. Nikamkuta nyuma ya nyumba kwenye ukungu, amesimama wima, hashiki ukuta, anatazama matuta ya maharage. Akaniambia, "Skola, haya matuta nani kayafanya? Mlevi?" Akaniita Skola, Baba! Si shangazi! Nikaruka pale nikamkumbatia, akanisukuma, akasema nitamwangusha.

Kuanzia hapo kila siku alirudi kidogo. Chai ikarudi kuwa na sukari. Yule jirani aliyeanzisha ule uvumi alipopita kumsalimu, Mama alikwisha kusikia, akamngojea mlangoni. Akamwambia, "Mume wangu akiwa hai mimi ndiye nilikuwa namvuta kutoka kilabuni. Leo yeye anivute mimi?" Samahani, Baba, lakini nilicheka mpaka nikakaa chini. Na wewe ungecheka, maana ni kweli.

Tuliporudi kwa daktari wa upasuaji, presha ilikuwa inaeleweka, macho makavu, majibu anayatoa kabla swali halijaisha. Daktari akaangalia faili, akamwangalia Mama, akauliza kama huyu ni yule yule. Mama akamwambia avae miwani. Wakapanga siku.

Jana walipomwingiza, Daktari Rehema alitembea kando ya kitanda amemshika mkono. Walitueleza hatari iliyobaki, kwamba pale shingoni kuna mishipa ya sauti, anaweza akaamka sauti imepungua. Mimi na Deus tulikaa hapa hapa kwenye benchi hili. Deus alisali rozari yako, niliyomwazima, akakosea mafumbo, akaanza upya, akakosea tena. Mlango ulipofunguliwa, Daktari Rehema akatoka anavua kofia, jasho tele, na kabla hajasema neno nikaona meno yake. Nilipiga kigelegele ndani ya hospitali, Baba. Nesi alinifokea, na alikuwa na haki.

Na leo asubuhi akina mama wa jumuiya wamekuja kumwona. Mmoja akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa bahasha. Mama, na bandeji shingoni, na sauti yake ya kukwaruza, akamwambia, "Mama, sala nimeipokea. Hizo rudi nazo."

Sasa kuna jambo nimeliruka makusudi, maana nilitaka likae peke yake.

Wewe hujui, ulikuwa ndani ya sanduku, lakini siku tuliyokuzika Mama hakulia. Usiku ule ulipokata roho mtu mmoja mwenye huruma alimpa kidonge apumzike. Kesho yake mwingine akampa kingine. Aliketi kwenye mkeka macho makavu, watu wanaangua vilio kushoto na kulia, yeye anatazama ukuta. Uliposhushwa alikuwa anasinzia begani kwangu. Watu walisema, unajua watu. Na vile vidonge vya siku ile havikukoma tena, ndivyo hivyo hivyo tulivyovikuta kwenye ndoo. Muda wote huu Mama alikuwa hajaamka kutoka msibani kwako.

Siku chache baada ya kumaliza ile nusu ya mwisho ya kidonge cha usingizi, alasiri, mimi niko kwenye cherehani ukumbini, yeye yuko uani anapeta ulezi. Nikasikia sauti. Nikadhani ameanguka. Nikatoka, nikamkuta ameketi vilevile, ungo mapajani, analia. Analia kwa mwili mzima, Baba. Anakuita jina lako la ujana, lile sisi watoto haturuhusiwi kulitamka, kwa hiyo hata hapa siliandiki. Anakuuliza kwa nini ulimwachia shamba lote lile peke yake. Anakusimulia mambo ya kabla sijazaliwa. Ulezi ulimwagika wote chini, kuku wakaja, sikuwafukuza.

Majirani walikuja mbio. Mmoja akanishika mkono, ananiambia haraka, haraka, una kidonge hapo? Mpe kimoja atulie.

Nikasema hapana. Nikasimama katikati ya mlango wa uani, nikatandaza mikono yote miwili. Nikawaambia mwacheni alie, huyu ana mumewe anamlilia.

Wakaelewa. Mmoja akavua viatu, akaingia, akaketi chini kando yake akaanza naye kulia. Halafu mwingine. Mpaka jua linazama, uani kwetu kulikuwa na msiba wako, Baba, kama vile umeondoka asubuhi ile. Na usiku huo Mama alilala mwenyewe, bila kitu chochote, mpaka kulipokucha.

Wanafungua milango, naona watu wananyanyuka na vyombo vyao vya uji. Nakwenda. Nakuahidi, Baba, hakuna kidonge kitakachoingia kinywani mwa Mama bila mimi kuuliza ni cha nini na kinaisha lini, hata aje nacho nani. Na taarifa ya habari ikiisha nitakuwa nimekaa naye.

Kwaheri, mzee wangu. Lala bila wasiwasi. Umeliliwa.

Mwanao,
Skola